Kilo Kumi na Mbili Nilizozificha

…kwa hiyo usidhani nilinyamaza pale kwenye sinia kwa sababu umemwita Bakari "senhor", kama bwana mkubwa wa ofisini. Hilo nimeshalizoea, na mwenyewe analicheka, anasema tangu azaliwe huko Mtwara hakuna aliyewahi kumpa cheo hicho. Nilinyamaza kwa lile swali lako la baadaye. Uliliuliza huku unachambua miiba ya samaki, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mama, yule mdogo wangu alizikwa makaburi gani kule Pemba? Kesho nitalala pale kabla ya kupanda ndege ya Lichinga. Nataka nikamsomee Fatiha."

Nikainuka nikasema wali unaungua. Wali ulikuwa mbele yetu, mwanangu. Bakari akainamia sinia kama limeandikwa kitu, nawe ukanitazama nikiingia jikoni, ukadhani umeligusa donda langu, ukaja nyuma yangu ukanishika bega. "Samahani, mama. Sikutaka kukukumbusha." Ukaniomba samahani wewe.

Sasa umekwenda kwa bibi yako kumuaga. Najua hatakuachia kabla ya magharibi, kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya cherehani na daftari hili, nimeegesha mlango. Shuleni, mpaka darasa la kumi na mbili, nilifundishwa kuandika barua za Kireno zenye mwanzo na mwisho wake. Hii sijui mwanzo wake uko wapi. Sitakuandikia habari za chandarua wala za kula kabla ya kazi. Umeishi mbali nami tangu bweni, na chai yako ni nzuri kuliko yangu. Nitakuandikia jambo moja tu, na kesho alfajiri nitalitia mkobani mwako, chini ya shati lako jeupe la urubani. Uso wangu hauna nguvu ya kulisema.

Lakini kwanza niseme nampenda huyu Bakari. Niliseme mara moja niwe nimelisema. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tufunge ndoa, na nazihesabu kama msichana. Ananitumia ujumbe wa sauti kutoka barazani nami niko jikoni, hatua kumi! Jana ujumbe ulisema: "Bibi harusi, huku barazani kuna joto na mtu wako anakonda." Nikausikiliza mara nne. Akitoka sokoni ananiletea barafu kwenye chupa ya chai kwa sababu siku moja nilisema maji ya baridi yananikumbusha utoto. Ana pengo la jino upande wa kushoto, na ninalipenda hilo pengo. Umri wangu huu, Zaitu, naamka asubuhi naona haya jinsi nilivyofurahi.

Na furaha ndiyo iliyoniharibia. Miaka yote ya huzuni, uongo wangu ulikaa humo ndani bila kunisumbua sana, maana uongo na huzuni vilivaa nguo moja, hakuna aliyeweza kuvitofautisha. Watu walinihurumia, nami nikapokea. Sasa nimefurahi, uongo umebaki peke yake na nguo zake nyeusi. Kila nikicheka nauona.

Basi sikiliza.

Unaijua ile pista ya ndege ya zamani nyuma ya mikorosho, ile ya Mreno mwenye shamba, ambayo mlikuwa mnachezea. Siku zile za vita, wewe ukiwa shule Nampula, ndege moja ndogo ya injini moja ilikuja pale kuchukua watu kuwapeleka mjini Pemba, hii yetu ya bara. Akina mama, watoto, wazee. Wanaume labda nafasi ikibaki. Baba yako aliwekwa kwenye orodha kwa sababu ya bibi yako tu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekwisha na lazima mtu ambebe. Amri ilikuwa moja: hakuna mzigo. Nguo uliyovaa, basi.

Pale hapakuwa na mizani ya watu. Wakaleta mizani ya korosho ya mzee Selemani, ile ya bamba la chuma ambayo mji mzima umeibia na kuibiwa juu yake. Wewe umekulia hapa, unajua. Kila mtoto wa kijiji hiki anajua namna ya kukanyaga ukingo wa bamba ili gunia liongezeke kilo tatu mnunuzi asione. Na tunajua namna ya kinyume pia, maana wakati mwingine mnunuzi mwenyewe ndiye anayeshika gunia kwa juu kulipunguza. Tumelelewa hivyo. Mizani kwetu ni mchezo wa werevu, na mtu anayepimwa sawasawa anaonekana mjinga.

Mimi nilikuwa na cherehani ya mama yangu. Meza yake na miguu yake nilikubali kuviacha. Kichwa sikuweza. Niliwaza Pemba, niliwaza tutakula nini, niliwaza ada yako. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini nisijipambe, niliwaza pia kwamba ni changu, na kwamba nimeshaacha vya kutosha. Nikakizungushia shuka, nikakifunga tumboni kwa vitambaa vitatu vya kapulana, nikavaa gauni pana juu yake. Kilo kumi na mbili. Nikaonekana mjamzito wa miezi saba.

Baba yako aliniona nikijifunga. Akasema, "Mama Zaituni, kiache hicho."

Nikamwambia, "Wewe utanishonea nguo kwa meno?"

Akacheka, maskini. Hakuwa mtu wa kushindana. Nikamwambia nikipanda kwenye bamba anishike kiwiko kama anavyoshikwa mjamzito, aninyanyue kidogo, nami nitamwegemea begani. Akaenda kumbeba mama yake. Lakini tulipofika alinishika.

Mzee Selemani alinitazama toka juu hadi chini. "Mama Zaituni! Mimba hii imeota lini? Juzi Jumanne nimekuona unatwanga."

"Tulikuwa tunaificha na watu wenye macho kama yako," nikamjibu.

Wanawake wakacheka. Wengine wakapiga kigelegele, hebu fikiria, siku ile, mahali pale. Bibi yako alikuwa ameketi juu ya gunia, akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Baba yako akanishika kiwiko, nikamwegemea, chuma cha mizani kikatulia, na mzee Selemani akatangaza: "Hamsini na tisa! Mimba ya upepo hii!" Rubani akaandika hamsini na tisa. Alikuwa mzungu mzee mwenye Kireno cha kuokoteza, kaptura imemlowa jasho, na alikuwa anajumlisha kwenye karatasi ya sigara. Ilipofika zamu ya baba yako, ya mwisho, zilikuwa zimebaki kilo sitini na tatu. Baba yako akapima sitini na mbili. Mzee Selemani akampiga mgongoni. "Amade, Mungu amekupimia."

Tukapanda. Nilimshika mkono tukakaa, mimi dirishani, yeye kando yangu, bibi yako nyuma. Ndege ikakimbia. Mchanga ulikuwa umelowa mvua. Ikakimbia, ikakimbia, mikorosho ikawa inakuja, gurudumu halitaki kuachana na ardhi. Rubani akafunga breki, tukaenda vichwa mbele, ikasimama karibu kabisa na visiki. Akaigeuza taratibu, akairudisha mpaka mwanzo wa pista, akaacha injini inanguruma, akageuka kututazama. Hakuwa na hasira, ningependa ujue hilo. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anatuomba.

"Mizani inasema ndiyo," akasema. "Ndege inasema hapana. Kilo kumi. Kumi na tano. Nani? Sikasiriki. Aniambie tu, tutoe, tuende."

Mtoto mmoja alikuwa analia.

Ningesema, mwanangu. Nakuapia kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Lakini bibi yako akasema kutoka nyuma, kwa sauti yake ile ya harusini: "Mwambieni ni mjukuu wangu huyo. Mzito kama babu yake, na tayari anataka kiti chake!" Ndege nzima ikacheka. Walicheka kwa hofu, kama watu wanavyocheka msibani, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akageuka akanigusa tumbo kwa baraka. Akagusa chuma. Sijui alihisi nini. Alirudisha mkono wake akageukia mbele.

Kicheko kile ndicho kilichonifunga. Kufungua gauni mbele ya mama mkwe, kutoa kichwa cha cherehani pale tumboni, mbele ya wale waliotoka kunipigia vigelegele! Nikageuza uso dirishani. Nilimsikia baba yako akinitazama. Unaweza kumsikia mtu akikutazama. Alisubiri. Nafikiri alinipa muda kama wa mtu kusoma Alhamdu mpaka mwisho. Kisha nikasikia mkanda wake ukifunguka.

"Mimi nashuka," akamwambia rubani. "Nitakuja na safari ya pili." Akamgeukia mama yake: "Bi mkubwa, mkwe wako atakushika." Na mimi akaniinamia, akanitengenezea kapulana begani, akasema tu, "Haya." Haya, kama mtu anayetoka kwenda shambani.

Ndege ikaruka. Safari ya pili haikuwepo.

Hapa niliweka kalamu chini. Bakari alileta maji akayaweka mlangoni bila kuingia.

Pemba, wiki ya tatu, tumbo haliwezi kuendelea kuwa vilevile, na bibi yako analala chumba kimoja nami. Nikasema mimba imetoka. Nilisema nilikuwa hospitali, na kwamba wauguzi wa pale wamenisaidia kuzika. Wanawake waliokimbia pamoja nasi walikuja kunikalia matanga. Waliokuwa hawana kitu walileta sukari kwenye karatasi. Bibi yako alinipa kapulana yake moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Na wewe ulipiga simu kutoka bweni, ukalia mpaka nikasikia wenzako wanakubembeleza, kisha ukaniuliza: "Alikuwa wa kiume?"

Nikasema wa kiume.

Kwa nini nilisema wa kiume? Hakuna aliyenilazimisha. Ukampa jina, Anli. Kila Ramadhani umemwombea dua. Zaitu, hakuna Anli. Hakuna kaburi. Nilikuacha umlilie ndugu yako miaka yote hii, na alikuwa kipande cha chuma ambacho nimekiegemezea kiwiko sasa hivi ninapoandika.

Sasa unajua pia Bakari alivyokuja. Mimi nilikuambia alileta habari ya msiba, na hiyo ni kweli, ila nilikata kipande. Alifika Pemba akiuliza kambi hadi kambi mke wa Amade, mwanamke mjamzito. Kila mtu alimjibu hapa hakuna. Aliponipata nilikuwa nashona sare za shule. Akanitazama tumbo, akanitazama mkononi kama kuna mtoto, kisha akainamisha macho. Alinisimulia: alikuwa amekwama kijiji cha Nhica na mitumba yake, hawezi kuvuka mto Rovuma kurudi kwao, ndipo baba yako akafika kwa miguu na wengine, homa imemshika, mguu umevimba. Aliishi siku nne. Bakari ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemchimbia.

"Alinipa salamu zako," akasema. "Aliniambia: mke wangu ana mimba, ukimwona mwambie asinyanyue vitu vizito."

Hivyo tu. Kwa mtu asiyemjua, anakufa, hakuna wa kumsikia, na bado hakunitaja. Angeweza kusema. Nani angemlaumu? Aliubeba uongo wangu mpaka kaburini na akauacha umekunjwa vizuri, ili mimi nisiaibike mbele ya mgeni.

Nilimwambia Bakari ukweli kabla ya posa. Sikutaka kuingia ndoa ya pili na kitu tumboni. Tulikuwa tumekaa nje, na nilipomaliza alivaa viatu vyake akaondoka. Siku mbili hakuna ujumbe, huyu anayetuma ujumbe kutoka barazani! Nikasema basi, imekwisha, na ni haki. Siku ya tatu akaja, akasimama mlangoni. "Nimemwosha yule bwana kwa mikono hii," akasema. "Hakuwa na uso wa mtu mwenye kinyongo. Mimi nitakuoa. Lakini Zaituni mwambie." Nikamwahidi nitakuambia kabla ya harusi. Kisha baada ya harusi. Kisha wewe ukaja na likizo yako, na kila siku nilikuwa na sababu, mpaka leo ukataka kwenda kusoma Fatiha.

Wewe uliingia kwenye kazi hii kwa hadithi ile. Nilikuwepo siku ile ya maswali ya bolsa, ule ufadhili wako wa kusomea urubani, nimekaa kwenye benchi la nje, mlango uko wazi, nikakusikia unawaambia wale wakubwa kwa Kireno chako kizuri: "Baba yangu alitoa kiti chake ili mama yangu mjamzito aokoke." Mwanamke mmoja alifuta macho. Nami nilikaa pale benchini nimeshika mkoba wako, najivunia na nataka ardhi inimeze. Unaweza kuniuliza nimekuacha vipi ujenge maisha juu ya kitu kama hicho. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nusu moja ya hadithi yako ni kweli na hiyo sikuizua mimi: alifungua mkanda, akashuka, kwa miguu yake. Na alijua anashukia nini. Wewe ulidhani ameshukia mtoto. Alishukia haya yangu. Sijui kama kwako hilo linampunguza au linamwongeza. Kwangu mimi, usiku na mchana, limemwongeza.

Sasa unakwenda Lichinga, jimbo la Niassa, kwenye vipista vya porini, utabeba walimu, dawa, wagonjwa, wajawazito wa kweli. Utapanga watu kwenye mizani, wewe mwenyewe, maana uliniambia kule rubani ndiye kila kitu. Huko nako kuna watu kama sisi, waliokulia kwenye mizani ya korosho au ya pamba au ya tumbaku. Watakuja wamevaa nguo tano. Watakuja na kuku aliyefungwa mdomo, na sufuria ya marehemu mama, na mbegu. Watakuegemea bega. Nilitaka kukuambia usiwaamini, lakini hilo umeshafundishwa. Ninachojua mimi na ambacho mwalimu wako hawezi kukijua ni kile kilichokuwa kinywani mwangu wakati yule mzungu anauliza "nani". Aliuliza vizuri. Hakunitisha. Kosa lake lilikuwa kuuliza mbele ya watu. Laiti kungekuwa na kona, kapulana moja imetundikwa kwenye bawa la ndege, mwanamke anapita nyuma yake peke yake kabla ya kupimwa, anaacha anachoacha na hakuna wa kuona, nadhani ningekiacha. Nadhani. Siwezi kukuapia, ningekuwa naongeza uongo. Lakini itundike, mwanangu. Kitambaa kimoja tu.

Na siku ndege ikikuambia hapana, iamini ndege, hata kama nyuma yako analia mtu anayefanana nami.

Kuna jingine. Usiharakishe kunisamehe. Nakujua, una moyo mwepesi, utasoma hii na jioni hiyohiyo utataka kupiga simu kunituliza. Usipige. Mimi nimetulizwa sana kwa vitu nisivyostahili. Na Bakari, ukitaka kumchukia mtu, usianze na yeye. Hakuchukua nafasi ya baba yako. Ndiye pekee aliyekuwepo tulipokuwa hatupo. Endelea kumwita senhor ukitaka, mwenyewe anakipenda cheo.

Pemba usihangaike kwenye makaburi, hatuna mtu pale. Kalale upumzike. Baba yako yuko Nhica, upande wa juu wa kijiji, Bakari anapajua, na siku utakayotaka kwenda utaamua wewe uende na nani. Bibi yako nitamwambia mwenyewe keshokutwa, baada ya sala ya Ijumaa, nikiwa nimeketi chini miguuni pake. Naogopa kuliko nilivyoogopa bunduki. Lakini si haki wewe ujue na yeye abaki peke yake anamlilia mjukuu.

Nasikia sauti yako njiani, unamuaga mtu. Unacheka. Nitakupikia, tutakula, nitakutazama kama mtu anayetazama kitu cha kuazima, na sitasema neno, kwa hiyo kesho utakaposoma usishangae jinsi nilivyokuwa na furaha leo. Nilikuwa na furaha. Hata hilo ni kweli.

Bakari ameniulizia barabara ya kuja kwako: basi dogo la chapa mpaka Montepuez, pale malori ya Marrupa, kisha Lichinga, siku mbili au tatu kwa mvua hizi. Nitakuja peke yangu. Siji kuomba radhi, hiyo nimeiomba hapa na karatasi haitoshi. Nakuja kwa sababu hasira ya kumkasirikia mtu aliye mbali inamla mwenye nayo, nami nataka uwe nami mbele ya macho, unaweza kunipigia kelele, unaweza kunigeuzia mgongo. Ukiwa angani nitangoja. Ukimwambia mlinzi hunijui, nitalala sokoni, nitarudi asubuhi, na asubuhi nyingine. Kabla mwezi huu haujaisha utaniona nimesimama langoni kwako, Zaituni, na kama utatoka au hutatoka, mimi nitakuwa nimekuja.

Mama yako